Bibi Harusi wa Siku ya Nane

Katika nyumba ya kina Kundu, wauza vyombo vya shaba wa Kalna, mwanamke hakuhesabiwa kuwa mke wa nyumba kwa kuolewa tu. Kuolewa ni kazi ya siku tatu: kuhani anasoma, moto unawaka, wageni wanakula samaki na kuondoka na ya kusema. Lakini mpaka bibi harusi akabidhiwe Rani mikononi, akate utepe wa sari yake ya harusi na kuushonea juu ya Rani mbele ya wanawake wa ukoo, alikuwa bado mgeni aliyepewa kitanda.

Rani alikuwa mwanasesere. Urefu wake haukuzidi shibiri. Uso wake wa mti ulipakwa rangi ya manjano na kuchorwa macho makubwa meusi, na mwili ulivikwa sari nyekundu kuukuu, na juu ya sari tepe za wake watano wa nyumba ile, hata akanenepa kama mke wa mwenye duka la vitamu. Alilala ndani ya kopo la biskuti, juu ya majani makavu ya mwarobaini. Ufunguo wa kabati lenye kopo hilo ulining'inia kiunoni mwa Bibi Nistarini, mjane wa miaka themanini na minne, na hakuna aliyewahi kuazimwa.

Rani, alisema Bibi Nistarini, alitoka kasri la raja. Malkia mwenyewe alimtoa kwa mkono wake, akampa bibi yake Nistarini. Kila harusi hadithi hiyo ilisimuliwa, na kila harusi ilitiwa chumvi. Mara ya kwanza malkia alimtoa mwanasesere. Mara ya pili alimtoa huku akilia. Ilipofika zamu ya Anima, mkamwana mkubwa, malkia alikuwa amevua na kidani chake akaongezea. Watu wa Kalna hupenda mambo ya kasri, kwa hiyo hakuna aliyeuliza hicho kidani kiko wapi.

Ketaki aliolewa mwezi wa pili na Palash, mtoto wa Anima. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, mwezi wa tisa unakatika, na utepe wake ulikuwa bado umekunjwa chini ya mto. Kwanza Bibi alisema joto ni kali. Kisha akasema mvua inalegeza uzi. Kisha yakaja magoti. Ketaki aliyasikiliza magoti hayo kwa heshima zote, lakini hakuwa mjinga. Alikuwa binti wa mfumaji wa Shantipur, ng'ambo ya mto, na siku ya harusi aliwasikia shangazi wawili wa mumewe, wake wa baba zake wadogo, wakinong'ona, kwa ile minong'ono ya kusikika mpaka jikoni, kwamba vidole vya msichana yule ni vya kushika uzi, si vitu vya kasri. Kilichomuuma zaidi ni kuwa Bibi mwenyewe alizaliwa Shantipur. Ila kwao walikuwa wauza uzi, si wafumaji, na wapo watu wanaoona kati ya hao wawili kuna bahari nzima.

"Mvumilie," Palash alimwambia. "Ni mzee, kasahau tu."

"Kasahau? Juzi alikuwa anamtajia Mama nani alikula vichwa viwili vya samaki siku ya harusi yao."

"Hayo ni ya samaki," Palash alisema, akavaa viatu akaenda dukani. Alikuwa mume mwema, ila alijaliwa kukumbuka duka kila mambo ya wanawake yalipoanza.

Ketaki hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alitaka jambo moja tu na alilijua: ashone utepe wake, ahesabiwe.

Mvua zikisha, Kalna nzima huanika. Siku hiyo juu ya paa la kina Kundu kulikuwa na mablanketi, magodoro, sari za harusi na vitabu vya dua vilivyofunguliwa migongo juu. Anima alikuwa amesikia harufu ya ukungu kabatini, kwa hiyo hata Rani ilibidi apate jua. Bibi Nistarini alifungua kabati mwenyewe, akapanda ngazi na kopo kifuani, akaliweka wazi juu ya kigoda. Kisha akamkabidhi Ketaki fimbo.

"Kaa hapa. Kunguru fukuza, kima fukuza. Na huyo usimguse."

"Hata akianguka, Bibi?"

"Hata akianguka. Niite mimi."

Basi Ketaki akakaa, amekasirika, na fimbo magotini kama askari wa lango. Haikupita muda kima mkubwa dume, uso mweusi kama sufuria, akatokea ukutani akamwangalia kwa dharau. Ketaki akamfuata. Kila mtu wa mto ule anajua jinsi kima wanavyofanya kazi: mmoja anakushughulisha, mwenzake anaiba. Ketaki alikua nao, alilijua hilo tangu hajaanza shule, na bado alidanganyika, maana mtu mwenye hasira humfukuza yeyote anayemdharau. Aliposikia kopo likigonga sakafu, kima jike alikuwa tayari juu ya tangi la maji, amempakata Rani, anammenya kama mtu anayemenya hindi.

Utepe wa Anima ukaruka. Wa shangazi wa kwanza ukafuata, wa shangazi wa pili ukanasa kwenye waya wa nguo. Ketaki aliomba, akatukana, akaomba tena. Mwishowe akakumbuka tango lililobaki kwenye chakula chake, akaliinua juu. Kima akaliangalia tango, akamwangalia Rani, akaona tango lina maana zaidi. Rani akaangukia kwenye godoro, uchi, na ile sari yake ya kwanza kabisa imemfunguka na kumning'inia shingoni.

Ketaki alimwinua amfunike. Vidole vyake vikajua kabla ya kichwa chake. Mgongoni mwa Rani palikuwa na mfereji, laini kwa kusuguliwa miaka na miaka. Ubavuni palikuwa na tundu dogo lililozungushiwa kigae cheupe, la kutolea uzi. Na pale ilipopaswa kuwa miguu palikuwa na ncha ya chuma, imeingia kutu. Kijiti hicho Ketaki alikichezea kabla hajaota meno. Ni maku, ile mashua ndogo ya mti inayobeba uzi na kukimbia kushoto na kulia katikati ya nyuzi zilizotandwa. Ilivunjika katikati, ikachongwa kichwa upande wa mvunjiko, ikachorwa macho. Malkia gani wa kasri angekuwa na hii?

Alisikia pumzi nyuma yake. Bibi Nistarini alikuwa amesimama juu ya ngazi, mkono ukutani.

"Nilisema usimguse."

"Ni kima, Bibi."

"Kima nimemwona. Nakuuliza wewe." Bibi alikuja taratibu akaketi kwenye godoro. "Umemjua?"

Ketaki angeweza kusema hapana. Mke mwerevu angesema hapana, angemfunga Rani tepe zake na kesho yake angekuwa kipenzi cha nyumba. Lakini hakuzoea kusema uwongo juu ya vitu vya kwao.

"Nimemjua. Ni maku. Baba anazo kumi nyumbani."

Bibi Nistarini alifumba macho. "Miezi saba hii nimevikimbia vidole vyako hivyo."

"Mimi nilidhani hunitaki."

"Nani kakwambia sikutaki? Nilikuwa nakuogopa." Alilisema kwa hasira, kama mtu aliyechoka kulishika. "Wale wengine ni mabinti wa wenye maduka. Walishona tepe zao wala hawajui wanashonea nini. Wewe ungemshika mara moja tu, ukaniumbua mbele ya mashangazi."

Ketaki alitaka kukasirika, akashindwa. Miezi saba alikuwa akilala na uchungu chini ya mto pamoja na ule utepe, kumbe bibi kizee huyu naye alikuwa halali kwa kumwogopa yeye. Kicheko kilimtoka puani. Bibi alimkazia macho, kisha na yeye mdomo ukaanza kumcheza.

"Funga mlango wa ngazi," alisema. "Anima asisikie."

Ndipo alipomweleza.

Wasichana wa Shantipur walikuwa wakiwaoza wanasesere wao. Haukuwa mchezo wa mchana mmoja. Watu walialikwa, posa zilipelekwa, mama walipuliza kombe, lile gamba kubwa la baharini, mlangoni, na wali wa bisi uliliwa kwenye vipande vya majani ya mgomba. Khiroda, binti wa mfumaji, alikuwa na bibi harusi. Nistarini, binti wa muuza uzi, alikuwa na bwana harusi aliyenunuliwa kwenye maonyesho ya sikukuu, mwenye masharubu na kilemba cha buluu. Walikuwa na miaka tisa, na hapakuwa na mashoga kama wao mtaani. Harusi ikafanyika. Bibi harusi akahamia kwa Nistarini, kama desturi. Na kama desturi, siku ya nane alitakiwa arudi kwao na mumewe, wale, wapumzike, ndipo ndoa ihesabike.

"Siku ya saba," alisema Bibi Nistarini, "nilimwogesha bwana harusi."

"Ulimwogesha?"

"Aende kwa wakwe akiwa safi. Maji ya vuguvugu na manjano, kama wanavyofanyiwa. Alikuwa wa udongo. Sikujua kuwa hakuchomwa tanuruni. Yalianza kulainika masharubu."

Ketaki aliuma pindo la sari yake.

"Cheka tu. Mimi nilibaki na bakuli la tope na kilemba."

Lakini hakucheka mwenyewe. Katika nyumba yao, alisema, aliishi shangazi yake, mjane wa miaka kumi na minne. Walimnyoa nywele, wakamvunja bangili, wakamvika nyeupe, wakamwondolea samaki sahanini. Nistarini alilala naye kitanda kimoja na alijua jinsi anavyolia.

"Sisi tulicheza tulichokiona. Khiroda angejua mume kafa, ingebidi tumvue huyu nyekundu yake. Sikuweza. Nikajiambia, nisipomwambia mtu, hatakuwa mjane. Siku ya nane sikwenda. Khiroda akaja mwenyewe langoni kuuliza." Bibi akawa anakunja utepe wa Anima, anaukunjua, anaukunja. "Nikamwambia kwamba sisi haturudishi wake zetu kwenye nyumba za wafumaji. Nilikuwa nimelisikia kwa baba neno kama hilo. Akanitazama, akaondoka. Miaka sabini na mitano sasa hatujasemezana."

"Na kasri?"

"Nilikuja kuolewa hapa na miaka kumi na saba. Mama mkwe akaniuliza, hiki kijiti chako ni nini? Ulitaka nisemeje? Nikasema kasri."

Ketaki alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akimwogopa tangu mwezi wa pili, akamwona binti wa miaka kumi na saba mwenye kijiti mkononi na mama mkwe mbele yake. Moyo wake ulimwendea wote. Akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Baba."

"Kata."

Ketaki hakukata. Baba yake alipokea huku mitambo ya kufumia ikigonga nyuma yake, kwa hiyo alijibu kwa kupiga kelele na Bibi akasikia kila neno. "Bi Khiroda wa kina Pramanik? Yu hai, nani wa kumuua? Leo asubuhi kamfokea muuza maziwa mpaka kabadilisha njia."

Bibi Nistarini aliuviringisha ule utepe kidoleni. "Siendi," akasema. "Boti inanitapisha."

"Basi nitampeleka Rani mimi."

"Hutoki na Rani wangu humu."

"Bibi, mimi nilirudi kwetu siku ya nane. Mama alikuwa mlangoni tangu alfajiri. Alikuwa amechana nywele vibaya, alivyokuwa na haraka. Huyu hajarudi."

Bibi alimchukua Rani magotini akamfunga ile sari yake ya kwanza, polepole, mkunjo kwa mkunjo. Alipomaliza alisema, "Tepe zifunge kwenye kitambaa. Wakituuliza, tunakwenda kuwaona wazazi wako."

Asubuhi ya pili walivuka. Anima aliwasindikiza mpaka lango, kashika kiuno, maana mama mkwe wake hakuwahi kupanda boti tangu wazazi wake walipofariki. Bibi Nistarini hakutapika. Alikaa na kopo mapajani, akiangalia upande wa pili, na nadhani alisahau kutapika.

Bi Khiroda alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba ya mwanawe, mgongo umepinda, meno mawili, mkono mmoja unazungusha gurudumu na mwingine unakunja uzi kwenye vijiti. Sari yake nyeupe ya ujane ilikuwa safi kuliko ukuta. Hakuinua kichwa.

"Nani huyo ananizibia mwanga?"

"Nistarini."

Gurudumu lilisimama. "Nistarini yupi?" aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha wazi kwamba maisha yake yote alimjua mmoja tu.

"Wa nyumba ya uzi."

"Aa." Gurudumu likaanza tena. "Umechelewa. Nilikuwa nimepika wali wa maziwa."

"Najua."

"Hujui. Nilitia sukari guru yote ya mama. Nilichapwa kwa ajili yake. Kisha nikaula peke yangu sufuria nzima, nikaumwa tumbo siku mbili. Wewe unasema unajua."

Ketaki alilifungua kopo na kumtoa mwanasesere. Bi Khiroda aliifuta mikono yake kwenye sari, mbele na nyuma, akampokea. Akamgeuza. Akatia ncha ya kidole kwenye lile tundu la kigae, akakiacha humo.

"Punti," alisema.

"Sisi tunamwita Rani," alisema Bibi Nistarini.

"Rani? Malkia wa wapi? Maku ya baba ilivunjika, akanichongea huyu. Akasema kadogo kama dagaa wa mtoni, na aitwe dagaa. Punti." Alimpima kwa jicho. "Amekonda."

"Ana nguo zake nyingine. Tumezibeba."

"Nusu nyingine ya maku nilichochea moto nayo, siku ile uliyokataa kuja." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Na mume wake yuko wapi?"

Bibi Nistarini alimtazama Ketaki. Ketaki aliangalia dari. Mengine mtu hasaidiwi kuyasema.

"Aliyeyuka."

"Alifanyaje?"

"Nilimwogesha aje kwako safi. Alikuwa udongo mbichi. Aliyeyuka bakulini, Khiroda, siku ya saba. Ndiyo maana sikuja."

Bi Khiroda alimweka Punti magotini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, kisha gurudumu likaanguka, kisha akacheka mpaka mkaza mjukuu wake akatoka ndani mbio akidhani bibi amepatwa na kifafa. "Masharubu pia?" alikuwa akiuliza. "Na yale masharubu?"

"Yalitangulia," alisema Bibi Nistarini, na hapo na yeye akashindwa. Ketaki naye alicheka, na yule mkaza mjukuu alicheka bila kujua anacheka nini. Nyuma ya nyumba mtambo ukasimama, kwa kuwa mwenye kufuma alitaka kusikia.

Bi Khiroda ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Kwa hiyo alikuwa mjane. Na wewe ukamvika nyekundu miaka yote."

"Sikuweza kumvika nyeupe. Unamkumbuka shangazi yangu."

"Namkumbuka." Bi Khiroda aliipapasa ile sari ndogo. "Mjinga wewe. Ungeniambia. Ningekuwa nimempatia mume mwingine kabla jua halijazama." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini lile neno hukulitoa kwa sababu ya mkwe kuyeyuka. Lile lilikuwa neno zima. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Kila nikifuma sari nzuri nilikuwa nasema, haya, jivikeni na hii, nyie msiorudisha wake zenu kwetu."

Ketaki aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyelisema.

"Lilikuwa neno baya," alisema Bibi Nistarini, "na nilijua ni baya likiwa bado mdomoni. Ningeweza kuvuka mto siku yoyote. Sikuvuka, kwa aibu. Nisamehe, Khiroda."

Akainama, na magoti yale yale, kuigusa miguu ya Bi Khiroda. Bi Khiroda alimwacha ainame mpaka karibu na chini kabisa, maana ilikuwa haki yake. Kisha akamdaka mabega.

"Inuka. Ukivunjika hapa watasema wafumaji wamekuvunja." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Keti. Na wewe msichana, wa nani wewe?"

"Wa Haladhar Basak, mfumaji, karibu na kisima. Nimeolewa na mjukuu wake."

Bi Khiroda alimwangalia Ketaki, akamwangalia Bibi Nistarini, akamwangalia tena Ketaki. "Kumbe," akasema kwa utamu mkubwa. "Kumbe sasa mnatuoa."

Aliwalisha wali wa maziwa, wakala mpaka sufuria ikakwanguliwa. Walipotaka kuondoka alimkumbatia Punti kifuani. "Leo ndiyo siku yake ya nane. Binti yangu atalala kwao siku tatu, kama desturi. Siku ya nne njoo umchukue. Na uje na samaki mkubwa, mkwe haji mikono mitupu."

Siku tatu hizo Bibi Nistarini alifungua kabati na kulifunga, akalifungua na kulifunga. Alilalamika kuwa Khiroda atamweka yule mtoto karibu na moto, kwamba hana akili ya mambo hayo, kwamba tangu zamani hakuwa nayo. Siku ya nne aliamka kabla ya kunguru na kumtuma Palash sokoni, akamrudisha mara mbili kwa sababu ya udogo wa samaki. Wa tatu alibebwa na watu wawili. Anima, aliyekwisha kuambiwa kila kitu na kucheka mpaka akaketi chini, alisema na yeye haachwi.

Wakakuta nyumba ya kina Pramanik imepambwa majani ya mwembe mlangoni. Juu ya mkeka alikaa Punti, na pembeni yake bwana harusi: mti mweusi unaong'aa, shuka nyeupe ya mkunjo, kilemba cha buluu, masharubu ya uzi. Bi Khiroda alikuwa amemchongesha kwa maku ya mwisho ya marehemu mumewe.

"Huyu ni mti mgumu," alimwambia Bibi Nistarini. "Mwogeshe upendavyo. Mchemshe ukitaka."

Kwa desturi zetu wajane hukaa mbali na shughuli za harusi, wasije wakaitia doa. Siku ile wajane wawili ndio waliokuwa wenye harusi. Walikaa mbele kabisa, nyeupe kwa nyeupe, wakigombana nani atamwinua bibi harusi na nani ataifunga ncha ya sari yake kwenye shuka ya mume, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyethubutu kuwaambia wasogee. Bi Khiroda alipuliza kombe mwenyewe. Kwa meno mawili lilitoa sauti ya ndama, na lilipulizwa mara tatu.

Zile tepe tano zilirudishiwa mahali pake, na utepe wa Ketaki ukashonwa wiki iliyofuata, mbele ya wanawake wote wa ukoo. Bibi Nistarini ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano, kwa kujaribu mara tisa, na hakukubali kusaidiwa. Ketaki alishona kwa mshono wa kwao, mdogo mdogo, ambao hauonekani. Vidole vyake vilitulia. Chini ya tepe zote alijua kilichopo, mfereji na tundu na ncha ya chuma, na kukijua kulimpa furaha ambayo hakuitarajia kwenye nyumba ya watu.

Mmoja wa wale shangazi wa minong'ono alimaliza kitamu chake, akajifuta vidole, akajiweka sawa kwenye mto. "Haya, Bibi," alisema, "tusimulie ya kasri. Huyu msichana hajayasikia. Mwambie Rani alitoka wapi."

Bibi Nistarini alimpokea mwanasesere kutoka mikononi mwa Ketaki, akaukagua ule mshono kwa kidole gumba, mwanzo hadi mwisho.

"Alitoka Shantipur," alisema, "kwa wafumaji. Nyumba hii ikitaka mke wa maana huvuka mto."